Lugha Ipi ni Rahisi kwa Msemaji wa Kiingereza?

Mada iliyotolewa na ofisi ya miradi ya dayosisi mbele ya kamati za miradi za sharika na wageni kutoka sharika rafiki za ng'ambo. Inachapishwa hapa kwa ombi la wajumbe.



Tunashukuru kupewa nafasi hii. Swali tulilopangiwa limetoka kwa wageni wetu wenyewe. Wengi wao, kutoka Marekani na Uingereza, hutuuliza hivi: mtu aliyekulia katika Kiingereza, asiyejua lugha nyingine yoyote, akitaka kujifunza lugha ya kigeni aanze na ipi iliyo nyepesi? Wakishajibiwa huongeza la pili: Je, Kiswahili kimo katika hizo nyepesi, au tunajitafutia mzigo? Tutajibu maswali yote mawili kwa ukweli. Baada ya hapo tutaeleza kwa nini jambo hili linahusu visima, zahanati na mashine za kusaga tunazozijenga pamoja.

Urahisi unatoka wapi?

Hakuna lugha iliyo rahisi kwa watu wote. Mchaga akijifunza Kiswahili anakuta ngeli, viambishi na maneno mengi yanayofanana na ya kwao, kwa sababu zote mbili ni lugha za Kibantu. Mmasai hana bahati hiyo, maana lugha yake ni ya ukoo mwingine. Kwa hiyo anayeuliza "lugha rahisi ni ipi?" ni lazima kwanza aseme anatoka wapi.

Msemaji wa Kiingereza anatoka katika nyumba yenye koo mbili. Kiingereza kilipelekwa kisiwani Uingereza katika karne ya 5 na makabila ya Kijerumani, Waangli na Wasaksoni. Ndugu zake wa damu ni Kifrisia, Kiholanzi, Kijerumani na lugha za Skandinavia. Halafu mwaka 1066 Wanormani kutoka Ufaransa waliiteka nchi, na kwa muda mrefu watawala walisema Kifaransa. Ndiyo maana maneno ya jikoni na shambani ni ya Kijerumani, lakini maneno mengi ya mahakama, serikali na elimu yametoka kwa Kifaransa na Kilatini. Sisi hatushangai, maana Kiswahili nacho kina mifupa ya Kibantu huku maneno kama kitabu, sheria na habari yakiwa yametoka kwa Waarabu, meza kwa Wareno, na shule kwa Wajerumani.

Kwa sababu ya koo hizo mbili, msemaji wa Kiingereza ana milango miwili ya karibu. Akienda kaskazini anakuta sarufi na maneno ya nyumbani yanayofanana na yake. Akienda kusini, kwa Wafaransa, Wahispania na Waitalia, anakuta maneno makubwa anayoyajua tayari.

Hesabu ya wanaofundisha

Chuo cha Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani, kiitwacho Foreign Service Institute, kimefundisha lugha kwa wanadiplomasia tangu mwaka 1947. Kwa kuwa serikali inamlipa mwanafunzi mshahara wakati anasoma, chuo hicho kimejali sana kujua kila lugha inachukua muda gani. Hesabu yake ni ya darasani, kiasi cha saa 25 kwa wiki bila kuhesabu kazi za nyumbani, mpaka mtu aweze kufanya kazi ya ofisi kwa lugha hiyo.

Kundi la kwanza, la lugha zilizo karibu na Kiingereza, huchukua wiki 24 hadi 30. Humo kuna Kiholanzi, Kidenmaki, Kinorwe, Kiswidi, Kifaransa, Kihispania, Kiitalia, Kireno na Kiromania. Kundi la pili huchukua takriban wiki 36. Humo kuna Kijerumani, Kimalei, Kiindonesia, na ndugu wapendwa, Kiswahili chetu. Kundi la tatu, la wiki 44, lina lugha nyingi, zikiwamo Kirusi na Kihindi. La mwisho, la wiki 88, lina Kiarabu, Kichina, Kijapani na Kikorea.

Msomaji makini ataona jambo la ajabu. Kijerumani ni ndugu wa damu wa Kiingereza, na Kiswahili hakina undugu wowote nacho, lakini vimewekwa katika kundi moja. Hii ni kwa sababu undugu si kitu pekee kinachopunguza mzigo.

Lugha za mlango wa kaskazini na wa kusini

Kiholanzi kina maneno yanayoandikwa sawasawa na ya Kiingereza: maji ni "water", mkono ni "hand". Kinorwe ni chepesi zaidi katika vitenzi, kwa kuwa kitenzi hakibadiliki kwa kufuata nafsi: mimi, wewe, sisi na wao, wote wanatumia umbo lile lile. Kiafrikana, kilichotokana na Kiholanzi huko Afrika Kusini, nacho hakibadilishi kitenzi kwa nafsi, na hakigawi nomino kuwa za kiume na za kike. Mtu akitazama sarufi peke yake, atasema hizi ndizo nyepesi kuliko zote.

Kijerumani kina maneno ya kindugu, lakini nomino zimegawanywa katika jinsi tatu, na maneno yanayoambatana nazo hubadilika kwa hali nne kufuatana na kazi ya nomino katika sentensi. Tena undugu una mitego. Neno "Gift", ambalo kwa Mwingereza ni zawadi, kwa Mjerumani ni sumu! Atakayepeleka zawadi kwa Mjerumani asijaribu kubahatisha.

Kihispania kinaandikwa karibu kama kinavyotamkwa, na kina irabu tano kama Kiswahili. Ugumu wake uko kwenye vitenzi: "hablo" ni nasema, "hablamos" ni tunasema, na mwisho wa neno ndio unaoonyesha msemaji. Sisi tunafanya hivyo mwanzoni mwa neno, wao mwishoni. Kifaransa kina maneno mengi zaidi yanayojulikana kwa Mwingereza, lakini kinaandikwa kwa herufi nyingi zisizotamkwa, na hata hapo mitego ipo: "librairie" ni duka la vitabu, si maktaba.

Kiswahili kinasimama wapi?

Sasa tuseme ya kwetu bila kujisifu na bila kuficha.

Yaliyo mepesi ni haya. Kwanza, kinaandikwa kwa herufi za Kilatini na kila herufi ina sauti yake. Mgeni akijifunza a, e, i, o, u kwa siku moja, anaweza kusoma somo la Jumapili kwa sauti hata kama haelewi analosoma. Pili, mkazo huwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, isipokuwa maneno machache. Tatu, hakina toni, tofauti na lugha nyingi za Kiafrika ambazo neno moja likipandishwa sauti hubadili maana. Nne, hakina jinsi ya kiume na ya kike: "anakuja" ni mwanaume na ni mwanamke. Tano, swali halihitaji kupanga maneno upya. "Umekula" na "umekula?" zinatofautishwa na sauti tu. Sauti za "th" na "dh", zinazowashinda Wajerumani na Wafaransa wengi, Mwingereza anazo tayari.

Yaliyo magumu nayo yapo. Mwingereza amezoea kuongeza herufi mwishoni ili kuonyesha wingi. Sisi tunabadili mwanzo wa neno, na badiliko hilo linaburuta sentensi nzima: kiti kimoja kizuri kimevunjika, viti viwili vizuri vimevunjika. Ngeli hizo ndizo mlima wake wa kwanza. Mlima wa pili ni kitenzi. Neno "walipotuona" kwetu ni neno moja, kwake ni sentensi, na hawezi kulipata katika kamusi chini ya herufi W. Ni lazima ajue kuliondolea viambishi mpaka afike kwenye "ona". Mlima wa tatu ni kukanusha: nimekula hugeuka kuwa sijala, nilikula hugeuka kuwa sikula. Tena kuna "ng'" ya mwanzoni, kama katika ng'ombe, na "m" inayosimama kama silabi, kama katika mtu na mke.

Kuna pia ugumu usioandikwa kwenye vitabu vya sarufi. Saa zetu zinaanza kuhesabiwa asubuhi, kwa hiyo saa mbili ya kikao kwetu ni saa nane ya Mwingereza. Ukimwambia mgeni aliyejikwaa "pole", anadhani unamwomba radhi kana kwamba ni wewe uliyemwangusha, kwa sababu lugha yake ina neno moja kwa mambo hayo mawili. Na salamu ya "jambo" waliyofundishwa watalii haitoshi mbele ya mama mzee wa kanisa. Yeye anasubiri "shikamoo".

Kwa jumla basi tunaweza kuwajibu wageni wetu hivi: Kiswahili si chepesi kama Kinorwe au Kihispania, lakini miongoni mwa lugha zisizo na undugu wowote na Kiingereza, ni mojawapo ya zilizo nyepesi sana. Wengi kabla yenu wameuona ukweli huu. Johann Ludwig Krapf, Mjerumani aliyefika Mombasa mwaka 1844, alianza na lugha kabla ya mambo mengine, na kamusi yake ya Kiswahili ilichapishwa mwaka 1882. Mwaka 1961, Marekani ilipoanza kupeleka vijana wa Peace Corps nje, Tanganyika ilikuwa kati ya nchi za kwanza kabisa kuwapokea.

Uchaguzi unategemea unakwenda kwa nani

Hapa ndipo tungependa wageni wetu watusikilize zaidi. Orodha ya wiki inasema ugumu wa lugha, haisemi kama utaimaliza. Tufanye hesabu ndogo. Wiki 36 za saa 25 ni saa 900. Anayesoma saa moja kila siku bila kukosa atahitaji karibu miaka miwili na nusu. Kihispania kwa wiki 30 ni saa 750, yaani miaka miwili na kidogo. Kijapani ni saa 2,200, yaani miaka sita. Kati ya Kihispania na Kiswahili, tofauti ni miezi mitano tu. Mtu haachi safari kwa ajili ya miezi mitano. Anaiacha kwa sababu hana mtu wa kusema naye wala sababu ya kuendelea.

Kwa hiyo Mmarekani ambaye jirani zake ni Wahispania achague Kihispania, na tutamwunga mkono. Nchini mwake watu zaidi ya milioni 40 wanakisema nyumbani, na mazoezi atayapata dukani. Anayechagua Kinorwe kwa sababu ni chepesi ajue kwamba Wanorwe wengi wanajua Kiingereza vizuri, na watamjibu kwa Kiingereza kabla hajamaliza sentensi. Lugha nyepesi isiyo na wa kuzungumza naye inakuwa nzito.

Lakini ninyi ambao usharika wenu umefunga urafiki na usharika wetu, na mnarudi hapa mara kwa mara, swali lenu limekwisha jibiwa na urafiki huo. Tena mna faida nyingine. Hapa kwetu, hasa vijijini, wengi wetu tulizaliwa na Kihehe, Kichaga, Kinyakyusa au Kimasai, na Kiswahili tulikuja kukijua vizuri shuleni. Tunajua maana ya kujifunza. Mgeni anayekosea ngeli hatamwudhi mtu.

Kwa nini ofisi ya miradi inajali

Wajumbe, tunatembelea miradi na wageni karibu kila msimu, na mambo huwa yanakwenda hivi. Mgeni anauliza swali kwa Kiingereza. Anayejibu ni mchungaji, mwalimu au sisi wa ofisini. Mama mwenye ufunguo wa kisima, anayejua pampu imekufa mara ngapi na nani hajalipa mchango, ameketi kwenye benchi la nyuma kimya. Akiulizwa, anasema kwa dakika tano, na mkalimani anatafsiri kwa sentensi moja: "Anashukuru sana." Mgeni anaandika kwamba anashukuru. Taarifa inakwenda ng'ambo, na fedha za awamu ijayo zinapangwa kwa taarifa hiyo.

Hatumlaumu mkalimani. Naye ana haya, hataki kuwaaibisha wageni wala wenyeji. Lakini tathmini ya mradi inayopita katika mlango wa watu watatu wanaojua Kiingereza haiwezi kuwa tathmini ya kijiji. Mgeni asiyeweza kusema Kiswahili fasaha, lakini anayekielewa nusu, atasikia neno "imeharibika" na neno "mara nne" katika zile dakika tano. Atageuka na kuuliza tena. Hapo mradi umepata faida ambayo fedha haziwezi kuinunua.

Sisi Walutheri hatuna sababu ya kulichukulia jambo hili kama la ziada. Martin Luther alitafsiri Agano Jipya kwa Kijerumani mwaka 1522 na Biblia nzima ikatoka mwaka 1534, ili mkulima na mama wa nyumbani wasihitaji mtu wa kati. Bruno Gutmann, aliyekuwa mmisionari Kilimanjaro, aliandika kwa kina juu ya mila na sheria za Wachaga kwa kuwa aliwasikiliza wazee kwa Kichaga chao. Na siku ya Pentekoste kila mmoja alisikia kwa lugha yake mwenyewe. Haikuwa wote walazimishwe lugha ya mitume.

Mapendekezo yetu

Kwa wageni na wafadhili wetu tunapendekeza mambo matatu.

1. Atakayekaa nasi zaidi ya miezi mitatu aanze na kozi ya Kiswahili kabla ya kazi, na gharama yake iingizwe kwenye bajeti ya mradi tangu mwanzo, kama tunavyoingiza mafuta ya gari. Shule za lugha zinazofundisha wageni zipo hapa nchini.

2. Atakayekuja kwa wiki mbili asijisumbue na ngeli zote. Ajifunze salamu na heshima zake, saa, hesabu, na maswali sita: nani, nini, wapi, lini, kwa nini na kiasi gani. Kwa maswali hayo sita anaweza kukagua kisima.

3. Usharika rafiki uwe na angalau watu wawili wanaojifunza pamoja huko nyumbani. Mmoja peke yake huchoka.

Kwa kamati zetu za sharika tunaomba haya.

1. Mgeni akianza kusema Kiswahili, msimjibu kwa Kiingereza. Tunafanya hivyo kwa ukarimu, lakini tunamfungia mlango. Semeni polepole na mwacheni amalize.

2. Msahihisheni bila kumcheka. Kumcheka kidogo si dhambi, lakini mwambieni neno lililo sahihi baada ya kicheko.

3. Kumbukumbu za vikao ziandikwe kwa Kiswahili kwanza, kisha ofisi itatengeneza muhtasari wa Kiingereza. Kamati inayoandika kwa lugha isiyoisoma vizuri haiwezi kujua imekubaliana nini.

4. Mkalimani aelezwe wazi kwamba kazi yake ni kusema yote yaliyosemwa, pamoja na malalamiko. Mwenyekiti amwambie hivyo mbele ya kikao chote, ili mkalimani apate kinga.

5. Mahali ambapo wazee hawajui Kiswahili vizuri, msidhani kazi imekwisha. Mtafuteni atakayetoa lugha ya kienyeji kwenda Kiswahili, ili mzee naye asikike.

Kuna wanaotuuliza kama fedha na muda wa lugha si heri ziende kwenye saruji na mabomba. Tunawajibu kwamba saruji ikishamwagwa haiwezi kusahihishwa kwa urahisi, na makosa mengi ya mahali pa kuchimba, ukubwa wa tangi na nani ashike ufunguo yangeweza kuzuiliwa kama mtu wa benchi la nyuma angesikika mapema.

Ndugu zetu mnaosema Kiingereza, hatuwaambii kwamba Kiswahili ni lugha nyepesi kuliko zote duniani. Tunawaambia kwamba ni nyepesi kuliko mlivyodhani, na kwamba ninyi mna sababu ya kukimaliza. Fomu za kujiandikisha kwa masomo ya jioni zipo mezani kwa katibu, na wenyeji watakaojitolea kuongea na wanafunzi nusu saa kila wiki wanaombwa waandike majina yao kabla ya chakula cha mchana.